Somo: Kuosha pua kwa maji ya chumvi msimu huu wa vumbi

Upepo wa kiangazi umeshaanza, na Dodoma yetu tunaijua: meza unaifuta asubuhi, saa sita mchana unaandika jina lako juu yake. Wengi mmeniuliza kuhusu pua inayobana usiku na kamasi zito linaloshukia kooni. Mimi ni mwalimu, napata vumbi la barabarani na la chaki, na huu ni mwaka wa tano naosha pua nyumbani. Kuosha hakuponyi mzio. Kunatoa vumbi na kamasi lililoganda, na mimi hilo tu linanipa usingizi.

Tuanze na maji, maana hatari yote iko hapo. Usitumie maji ya bomba, ya kisima wala ya tangi bila kuyachemsha, hata kama unayanywa kila siku na hayajawahi kukudhuru. Tumboni kuna asidi inayoua vijidudu vingi, puani hakuna. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, anayepanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Ni ugonjwa adimu sana, lakini kinga yake ni jiko na sufuria. Maji yakishatokota sawasawa, yaache yaendelee kuchemka dakika moja nzima. (Anayeishi juu ya mita 2,000, dakika tatu.) Funika, yapoe yenyewe. Usiyapoze kwa kuongeza ya baridi kutoka kwenye ndoo. Hapo umerudi ulikotoka.

Chumvi: gramu 9 kwa lita moja, ambayo ni kijiko cha chai kimoja na nusu, cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu. Kwa nusu lita weka robo tatu ya kijiko. Pima maji baada ya kuchemka, kwa chombo safi, kisha koroga hadi chumvi iyeyuke yote. Mara yangu ya kwanza nilitumia maji matupu nikidhani chumvi ni ya kuua wadudu. Pua iliwaka hadi machozi yakanitoka. Chumvi iko pale ili maji yalingane na ya mwilini, yasiume.

Chombo: bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe, linatosha kabisa. Nawa mikono kwa sabuni. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande mmoja, fungua mdomo na upumulie hapo. Ingiza ncha kidogo tu kwenye tundu la juu, sukuma polepole. Maji yatatokea tundu la pili, mengine mdomoni, yateme. Geuka upande wa pili. Kisha penga taratibu bila kuziba tundu hata moja, kwani ukipenga kwa nguvu maji yanasukumwa masikioni. Osha bomba kwa maji yaliyochemshwa, lianike likauke. Maji yaliyobaki yasilale zaidi ya siku moja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Huku kwetu maji ya kisima yana chumvi tayari. Si nichemshe tu bila kuongeza?*
Marahaba. Hapana, mwanangu. Ile ni mchanganyiko wa madini, na huwezi kujua kipimo chake. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Nunua maji ya dukani yasiyo na ladha, nayo uyachemshe, ndipo upime chumvi yako.

*Chumvi ya pakiti yenye madini joto inafaa?*
Wengi inawafaa, mimi mmojawapo. Ikikuwasha, tafuta isiyo na madini joto. Ile ya mawe yenye mchanga iache.

*Kwani hii si sawa na kupandisha maji puani wakati wa udhu?*
Udhu maji ni kidogo na hutoka palepale; hapa yanapita hadi nyuma ya pua. Kwa aliyefunga, asubiri baada ya futari, maana mengine hushuka kooni.

*Dada, mwanangu ana miaka miwili, pua imeziba.*
Usimsukumie maji kwa bomba. Mpeleke kituo cha afya, watakupa matone ya chumvi ya watoto na kukuonyesha namna ya kuyatumia.

*Nikiinama baada ya saa nzima maji yanachuruzika. Nimejiharibu?*
Hapana, yalikuwa yamebaki kwenye uwazi wa pembeni ya pua. Siku nyingine ukimaliza, inama mara mbili tatu kabla ya kutoka nyumbani.

*Nimeosha wiki mbili, bado uso unauma na kamasi la upande mmoja lina damu.*
Acha kuosha, ndugu yangu, uende hospitali kesho. Na jicho likivimba au homa ikipanda, usisubiri kesho.