Mwembe ukianza kutoa mashada usingoje uone unga

Ikifika Julai Agosti hivi kusi bado yavuma na asubuhi kuna kibaridi, miembe huku Malindi ndo inaanza kutoa mashada ya maua, na hapo ndo watu wengi wanapoteza embe zao bila kujua. Ule unga mweupe kwenye maua si vumbi la barabara jamani, ni ugonjwa, unaitwa ubwiri unga, na wala haungoji mvua, wenyewe unapenda ukavu na mawingu na ubaridi wa usiku. Mwaka juzi mi niliuona nkasema ntapiga dawa wikendi, kufika wikendi nagusa shada, lote linapukutika mkononi, kimebaki kijiti cheusi. Mwembe mzima ule, wa aina ya ngowe, nikavuna embe za kuhesabu.

Kwa hivo muda ndo kila kitu. Shada likiwa refu kama kidole na matumba bado yamefumba, piga salfa, dawa ya unga ile ya kuchanganya na maji, nyingi ni gramu 40 mpaka 60 kwa bomba la lita 20 lakini soma paketi yako, alafu rudia kila siku 10 hadi 14 mpaka viembe vifike saizi ya kunde. Anzia ndani ya mti na juu, manake wengi wanapiga pale mkono unapofika tu. Piga asubuhi mapema ama jioni upepo ukitulia, salfa ukiipiga saa saba jua kali inaunguza maua. Na kama ulishapiga mafuta ya mwarobaini ngoja wiki mbili kwanza, havipatani hivo viwili.

Mvua ikikamata maua yakiwa wazi na ukaona madoa meusi, huo ni ugonjwa mwengine, salfa haiuwezi, tafuta dawa ya kopa, yaani yenye madini ya shaba.

Maua yakishafunguka dawa ya wadudu weka kando kabisa, tafadhali. Nzi na nyuki unaowaona pale ndo wanaoshikisha embe.

Maji nayo, mti mkubwa usiumwagilie wala kuutia mbolea unapokaribia kutoa maua, utakupa majani matupu. Anza maji embe zikishashika.

Matawi ya ndani yasiyoona jua yatoe ukimaliza tu kuvuna, kabla ya masika, hewa ipite. Ukiyaacha ukaja kukata Juni unakata maua ya mwaka huo.