Namna ya Kugawa kwa Haki Kazi za Mazingira Katika Kaunti za Miji

Kaunti kama Nairobi, Mombasa na Kisumu zinapoajiri watu wa kusafisha mito, kupanda miti na kutunza bustani za umma, haki ya mwombaji huamuliwa siku orodha ya kwanza inapoandikwa. Afisa wa mazingira anayetaka usawa aanzie hapo. Orodha ikitoka mkononi mwa mtu mmoja, awe mwakilishi wa wadi au mzee wa mtaa, itajaa jamaa zake na waliompigia kampeni, na hakuna semina ya baadaye itakayoirekebisha.

Undeni kamati ya uteuzi katika kila wadi. Katiba ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na angalau asilimia 5 ya nafasi hizo ziwafikie watu wenye ulemavu hatua kwa hatua. Vipimo hivyo vitumike kwa kamati yenyewe na pia kwa orodha ya vibarua. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inazitaka kaunti zizingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Tangazo lisomwe barazani na kubandikwa sokoni na kwenye zahanati, kwa kuwa asiye na simu ya intaneti ndiye anayeihitaji kazi hiyo zaidi. Msidai cheti cha sekondari kwa kazi ya kuzoa taka. Waombaji wakizidi nafasi, ipigwe kura ya wazi, kila mmoja achomoe karatasi yake mbele ya wenzake.

Baada ya uteuzi, tazameni kazi yenyewe inavyofanyika, maana hapa ndipo wengi hutolewa kimyakimya. Chukueni upandaji wa mikoko katika hori ya Tudor, Mombasa. Kazi hiyo hufuata maji kupwa, na saa ya kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo mama mwenye mtoto mchanga hawezi kupanga siku yake asipopewa ratiba mapema. Majedwali ya maji yapo. Ratiba ya wiki mbili iandikwe kwa kuyafuata na itolewe kabla kazi haijaanza. Buti nazo ziagizwe kwa saizi za wafanyakazi waliosajiliwa. Mwanamke akipewa buti kubwa, matope huinasa, naye hubaki akikanyaga mizizi na vigae vya chupa kwa mguu mtupu. Choo kiwe karibu na eneo la kazi.

Malipo yaingie kwenye simu ya mfanyakazi mwenyewe, kamwe yasipitie namba ya msimamizi, kwani huko ndiko makato yasiyo na jina hutokea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na kifungu cha 37 kinamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja. Kumwachisha kazi siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha kumrudisha, ni kukwepa sheria hiyo, na ni dhuluma. Mpango wa Kazi Mtaani wa mwaka 2020 uliwapa vijana wa mitaa ya mabanda kipato wakati wa Korona, lakini kazi ya muda inahitaji njia ya kusonga mbele: wafundisheni kutunza vitalu na kupogoa miti, na uzoefu huo uhesabiwe kaunti inapotangaza nafasi za kudumu.

Mkazi anayetaka kuikagua kaunti yake anaweza kuomba takwimu kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inataka ombi lishughulikiwe ndani ya siku 21. Aombe idadi kwa wadi, jinsia, umri na ulemavu, pamoja na viwango vya malipo. Aulize pia ni akina nani waliopandishwa kuwa wasimamizi, kwa sababu orodha inaweza kuonyesha nusu wanawake ilhali daftari la mahudhurio liko mikononi mwa wanaume watupu.