Lami imeharibika? Chimba na palipo pazima

Kiraka kikifumuka kila baada ya mvua, mara nyingi kosa haliko kwenye lami. Tafuta kwanza tabaka lililoshindwa.

Anza kwa miguu. Chagua mita 100 mbovu na mita 100 nzima zilizo jirani, uchore kila ufa. Ufa mrefu sambamba na ukingo, hasa barabara inapokatiza udongo mweusi wa mbuga, ni kazi ya udongo unaovimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi. Dodoma hunyeshewa takriban Desemba hadi Aprili, kisha ni ukavu mtupu, kwa hiyo udongo huo hauna raha. Nyufa kama ngozi ya mamba kwenye njia ya matairi ni lami iliyochoka kupindapinda juu ya msingi laini. Zikitanda hata pasipopita matairi, shuku jua lililoikausha lami.

Palipobonyea, laza rula ya chuma ya mita 2. Mbonyeo mwembamba wenye matuta pembeni: lami yenyewe imesukumwa. Mpana usio na matuta: matabaka ya chini yamezama. Na je, upande unaopitisha malori yenye shehena ndio ulioharibika zaidi? Basi mizigo imo. Madhara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito, hivyo ekseli ya tani 12 huumiza barabara karibu mara mbili ya ile ya tani 10.

Sasa maji. Pima kimo kutoka mgongo wa barabara hadi sakafu ya mfereji. Kisipungue sm 75. Mfereji ukijaa mchanga, sm 75 za kwenye michoro hazipo tena.

Kisha DCP, kifaa cha kupimia ugumu wa matabaka ya chini: nyundo ya kilo 8 inayoanguka mm 575 na kusukuma koni ya kipenyo cha mm 20, pembe nyuzi 60. Soma kila mapigo 5 hadi sm 80. Milimita 3 kwa pigo ni CBR (kipimo cha uwezo wa tabaka kubeba mzigo, kwa asilimia) ya karibu 95. Milimita 20 ni karibu 13 tu. Piga katikati, njia ya matairi na ukingoni, kwenye vipande vyote viwili. Koni ikigonga jiwe, sogea sm 30. Usiliandike jiwe kuwa nguvu ya msingi. Vipimo vya Oktoba pekee hudanganya, kwani ukavu hufanya hata udongo mbovu uonekane imara. Rudia Aprili.

Mwisho, kwa kibali cha wakala wa barabara husika, TANROADS au TARURA, kata mtaro kuvuka njia ya matairi. Safisha ukuta wake, ufuate mstari wa kila tabaka: la chini kabisa lililobonyea ndilo chanzo. Funga sampuli papo hapo kwenye mifuko isiyopitisha hewa, zikaushwe maabara kwa nyuzi 105 hadi 110, ulinganishe unyevu wa pabovu na pazima. Rudishia kifusi kwa matabaka yasiyozidi sm 15, ukishindilia kila moja, na uzibe kwa lami siku hiyohiyo.