Kuiandaa injini kabla ya kupanda Kitonga miezi ya joto

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya mwezi Novemba au Desemba hupita kwanza katika bonde la Ruaha Mbuyuni, ambako jua la mchana hulifanya bati la gari lisishikike, na muda mfupi baadaye huanza kuupanda mlima Kitonga nyuma ya msururu wa malori yanayokwenda mwendo wa mtembea kwa miguu. Hapo ndipo magari mengi huchemsha, na wenye magari huulaumu mlima. Kwa maoni yangu mlima husingiziwa. Gari ambalo mfumo wake wa kupoza ni mzima hupanda Kitonga saa nane mchana likiwa na watu watano na mizigo yao, na lile linalochemsha kwa kawaida lilikwisha kutoa dalili likiwa bado nyumbani, ila hakuna aliyefunua boneti akatazama. Ukaguzi wenyewe ufanywe wiki moja hivi kabla ya safari, asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, ili kipuri kikihitajika upatikane muda wa kukitafuta na wa kulijaribu gari baada ya kukifunga.

Ningeanza na mfuniko wa rejeta, kipuri cha bei ndogo ambacho mafundi wengi hukiruka. Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzijoto 100 za sentigredi pale pwani, lakini Iringa mjini, palipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na injini nyingi hufanya kazi kwenye joto linalokaribia hapo. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko huo. Juu yake huandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, na mgandamizo wa 0.9 unatosha kukisogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Ugeuze uutazame kwa ndani: mpira wake usiwe umekauka wala kupasuka, springi irudi kwa nguvu unapoibonyeza, na kivalvu kidogo cha katikati kivutike na kurudi. Ukiwa na mashaka nunua mwingine wenye namba ileile, kwa maana mfuniko wenye namba kubwa kuliko ya mtengenezaji hauongezi usalama, bali huielemea mipira ya kupitishia maji iliyokwisha kuchoka.

Mfuniko ukiwa umefunguliwa, tazama maji ndani ya rejeta yenyewe. Kile kitanki cha akiba cha plastiki kinaweza kuwa kimejaa vizuri huku rejeta ikiwa imepungua, kwa sababu mfuniko mbovu hauruhusu maji yaliyotoka kurudi ndani injini inapopoa. Kinachofaa kuwamo humo ni kulanti, yaani dawa ya kupozea injini ichanganywayo na maji, wala si maji matupu, kwani mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka karibu na nyuzi 107 hata bila mgandamizo, na tena huzuia kutu. Kwetu Dar es Salaam visima vingi vina maji ya chumvi, na gari lililonyweshwa maji hayo kwa miaka miwili hutoa tope la rangi ya matofali linapofunguliwa, nalo ndilo huziba mirija myembamba ya rejeta. Kulanti isiyochanganywa izimuliwe kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, na muuzaji aelezwe wazi kwamba ni maji unayotaka, maana wapo wanaoita "maji ya betri" hata ile asidi. Rangi isikudanganye: nyekundu, waridi na kijani hazina maana moja kwa watengenezaji wote, na kuchanganya aina mbili kunaweza kuharibu kinga dhidi ya kutu. Usipojua iliyomo ni ipi, mwaga yote, suuza, ujaze upya.

Mipira ya rejeta ikaguliwe kwa mkono. Iminye kwa urefu wake wote: uliolegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi haufai, na uliokakamaa ukatoa mlio wa kupasukapasuka haufai vilevile. Nililipuuza hili mwenyewe. Kwa majuma mawili nilikuwa nikiongeza nusu kikombe cha maji kila asubuhi, nikijiambia kwamba gari la zamani hunywa maji, mpaka siku moja pale Ruaha Mbuyuni, mbele ya meza za vitunguu, harufu tamu ya kulanti ilipojaa ndani ya gari. Chini ya klipu ya mpira wa chini palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi uliokauka kama chumvi, mnene kiasi kwamba haungeweza kuwa wa siku hiyo, na chini ya ukoko huo ulikuwapo ufa wa urefu wa ukucha. Mfumo huu umefungwa, na maji hayapungui pasipo sababu. Kama yanapungua wala huoni tone chini, fungua mfuniko wa oili utazame kama kuna utando mweupe kama maziwa, kisha washa injini ikiwa baridi na rejeta ikiwa wazi uone kama mapovu yanatoka mfululizo. Dalili hizo zikionekana, huenda gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya hedi na bloku ya injini, imeanza kushindwa, na safari iahirishwe.

Thamostati inahitaji maneno ya ziada, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani huondolewa kifaa hiki mara tu yanapofika, kwa hoja kwamba ni cha nchi za baridi. Hoja hiyo ni potofu. Thamostati hufunga njia ya rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, kwa kawaida nyuzi 82 hivi, na bila hiyo injini hukawia kupata joto, hula mafuta zaidi na oili yake huchafuka mapema. Kuna jambo baya zaidi: katika injini kadhaa kisahani cha chini cha thamostati ndicho huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta, hivyo ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa, na gari lililotolewa thamostati ili lisichemshe huchemsha mlimani. Kuijaribu ni rahisi: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, upashe moto, na uione ikifunguka kabla maji hayajatokota.

Feni ya umeme huwaka katika magari mengi pindi unapowasha kiyoyozi, kwa hiyo washa uone. Ile inayozungushwa na mkanda kupitia klachi ya feni, isukume kwa mkono injini ikiwa moto lakini imezimwa. Ikizunguka mara kadhaa bila ukinzani, klachi imekwisha. Hakikisha kava la plastiki linaloizunguka halikuachwa gereji, kwani bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita katika rejeta. Majani, wadudu na matope vioshwe kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mkanda na pampu ya maji avitazame fundi.

Magari madogo mengi, kama Vitz na Passo, hayana geji ya joto, yana taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya hatari tu, na nyekundu inapowaka muda wa kujihami umebaki mdogo. Dereva wa gari la namna hiyo azime kiyoyozi kabla ya kuanza kupanda, atumie gia ndogo ili pampu ya maji izunguke kwa kasi, na abebe lita tano za maji safi, kitambaa kinene na glavu. Taa ikiwaka, pengine katikati ya foleni, afungulie hita kwa nguvu zote na vioo vyote, asogee pembeni mara nafasi ipatikanapo, azime injini na aiache angalau nusu saa. Mfuniko usiguswe wakati mpira wa juu bado ni mgumu ukiuminya. Ukilegea, uzungushwe kwa kitambaa mpaka kituo cha kwanza tu, mvuke uliobaki utoke, kisha injini iwashwe na maji yaongezwe kidogo kidogo ikiwa inaunguruma, kwa kuwa maji baridi yakimiminwa kwa pamoja kwenye injini iliyoungua yanaweza kuipasua hedi.