Goti imeumia ku mupira ao ku moto (pikipiki): vile ya kuiangalia mbele ya kuikanda

Bandugu, miye ni kine (mutu wa kurudisha mwili kufanya kazi kisha kuumia) hapa Goma, na goti yenye inaniumiza roho ni ileile kila mara: kijana anaumia siku ya posho ku mupira, yenga mama anaikanda na maji ya moto, kesho yake fundi wa kuvuta mifupa anaivuta, na mi ninamupokea siku ya ine goti iko kama papayi, hainyooki tena. Maji ya moto inafungua mishipa, damu inazidi kumwangika ndani. Basi mbele mutu aiguse, mufuate hivi.

Kwanza ujue kitu chenye iko mule. Mufupa wa paja juu, wa muundi chini, pia ya goti mbele. Kati ya paja na muundi kuko menisiki mbili, ni vipande laini vya kati ya mifupa, ziko kama mwezi mudogo, ndizo zinabeba uzito. Kisha ligama ine, ni kamba zenye zinafunga mifupa pamoja: moja upande wa ndani, moja wa nje, na mbili katikati zinapitana kama musalaba, ndiyo maana tunaziita krwaze.

Hatua ya 1. Gusa muguu chini, ku vidole. Kama iko baridi, imekuwa nyeupe, hasikie kitu, ao goti imehama nafasi yake, ni opitali saa ileile hata kama ni usiku, juu mushipa mukubwa wa damu unapita nyuma ya goti na ukipasuka muguu hauwezi kungojea hadi asubuyi.

Hatua ya 2. Muulize aliumia namna gani na goti ilivimba saa ngapi. Hii ndiyo hatua kubwa, usiikimbize. Akisema "nilikanyaga, nikageuka, nikasikia pa!", hakuna mutu alimugonga, na goti ikajaa mbele masaa mbili haijaisha, waza krwaze ya mbele. Hapa kwetu mawe ya volkano inashika muguu na mwili unageuka peke yake, kwa hiyo tunaiona sana. Ikivimba polepole hadi kesho yake na goti inakwama, inakataa kunyooka, mara mingi ni menisiki. Alianguka na moto goti imekunjwa, muundi ukapiga jiwe: krwaze ya nyuma. Mwenzake alimuingia kutoka nje: ligama ya ndani, na hiyo mara mingi inapona bila operasyo.

(Ba chukudu, nyiye wa kinga ya mbao ya kubeba mizigo, munaopiga goti moja juu ya mbao: uvimbe laini kama yai mbele ya pia si ndani ya goti, ni kafuko ka maji kamechokozwa. Ongezeni kipande cha mupira juu ya mbao, chini ya goti. Lakini ikiwa nyekundu, moto, na homa, enda opitali.)

Hatua ya 3. Radio (foto ya mifupa ku opitali) ao hapana? Tangu miaka ya 1990 madokteri wa Ottawa kule Kanada waliweka alama tano: miaka 55 na zaidi, maumivu ukifinya pia peke yake, maumivu ku kichwa cha ule mufupa mwembamba wa pembeni ya muundi, goti haikunjike hadi digri 90, ao hawezi kutembea hatua ine, hata alipoumia, hata sasa. Ikiwako moja tu, lipa radio. Lakini nawaomba sana musikie: radio inaonyesha mifupa, haionyeshe ligama wala menisiki. "Radio iko bien" haimaanishe goti iko bien, na kijana anayerudia mupira juu ya neno hilo anaweza kupasua menisiki yenye ilikuwa bado nzima.

Hatua ya 4. Siku mbili tatu za kwanza: barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, bandi isiyokaza sana, muguu juu ya mito. Hakuna kukanda, hakuna kuvuta.

Hatua ya 5. Maumivu ikipungua, lala, weka esuimai (taulo) yenye kukunjwa chini ya goti, ikandamize, hesabu 5, mara 10, asubuyi, midi na mangaribi. Nyama ya paja inakonda haraka sana, hata juma mbili tu unaiona. Kwanza goti inyooke sawa na ya upande mwingine, kukunja inakuja nyuma. Na kama juma zinapita na goti inamutoka kila akigeuka, asingojee, amuone dokteri wa mifupa. Dokteri atamushika paja na muundi goti ikikunjwa kidogo, atavuta muundi mbele: krwaze ya mbele ikikatika, muundi unakuja bila kitu cha kuuzuia.