Jinsi ya Kumtafuta Mchoraji Aliyepotea Jina

Anza na kibandiko kilicho pembeni mwa picha, ukisome neno kwa neno. Makumbusho ya Ulaya hupima maneno yake: picha "iliyonasibishwa na" mchoraji fulani ni ile ambayo wataalamu wanaamini ni yake ila ushahidi haujatimia, "ya karakana yake" imetoka chini ya paa lake, pengine kwa mikono ya wanagenzi, na "ya mfuasi wake" ni kazi ya mtu aliyeufuata mtindo wake, hata ikiwa mchoraji huyo alikwishafariki.

Ukikuta jina kama Fundi wa Flémalle, fahamu kwamba hilo ni jina la muda lililobuniwa na wanahistoria kwa sababu ya mbao zilizochorwa, ambazo sasa zimo katika makumbusho ya Städel, Frankfurt, na ambazo zilidhaniwa kuwa zilitoka katika abasia (nyumba ya watawa) ya Flémalle. Wengi leo wanamtambua kuwa ni Robert Campin wa Tournai, mji ulioko Ubelgiji ya leo, aliyefariki mwaka 1444, ingawa mjadala haujafungwa.

Kazi inayodai subira zaidi ni kuutambua mkono. Giovanni Morelli, Mwitalia wa karne ya 19 aliyesomea udaktari, alifundisha kwamba mchoraji hujulikana kwa ndewe za masikio, kucha na vidole, yaani sehemu anazozichora kwa mazoea bila kuzifikiria sana. Chukua picha mbili zinazodaiwa kuwa za mtu mmoja, kisha uchore mwenyewe kwa penseli sikio na mkono kutoka katika kila moja, kwa sababu jicho lisilochora hupita haraka mno. Tumia picha kubwa zenye ubora, kama zile ambazo Rijksmuseum ya Amsterdam huziweka mtandaoni bila malipo. Hata hivyo usiharakishe kutoa hukumu: mwaka 1899 Bernard Berenson, mtaalamu wa sanaa ya Italia, alikusanya picha kadhaa chini ya mchoraji aliyemwita "Amico di Sandro", yaani rafiki wa Sandro Botticelli, mchoraji maarufu wa Florence, na baadaye akalazimika kumfuta, nyingi za picha hizo zikitambuliwa kuwa za mchoraji Filippino Lippi alipokuwa kijana.

Kisha tafuta alama. Mchoraji Judith Leyster, aliyezaliwa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1609 na kupokewa katika chama cha wachoraji mwaka 1633, alitia saini kwa herufi za jina lake zilizounganishwa na nyota, kwa kuwa jina Leyster humaanisha nyota ya kuongozea njia. Alama hiyo ilikuwapo juu ya picha ambayo sasa imo katika makumbusho ya Louvre, Paris, lakini watu waliamini picha hiyo ni ya Frans Hals, mchoraji mashuhuri wa Haarlem, hadi mwanahistoria wa sanaa Cornelis Hofstede de Groot alipoitambua alama hiyo mwaka 1893. Nasikitika kila ninapokumbuka kwamba saini yake ilikuwa kwenye picha muda wote.

Mwisho nenda kwenye nyaraka: daftari za vyama vya mafundi, mikataba ya makanisa, orodha za mirathi. Leyster aliolewa na mchoraji Jan Miense Molenaer mwaka 1636, na orodha ya mali iliyoandikwa Molenaer alipofariki mwaka 1668 inataja baadhi ya picha kuwa ni za mke wa marehemu, bila jina. Kwa hiyo, unaposoma orodha za namna hiyo, tafuta pia maneno "mke wa", "binti wa" na "mjane wa".