Kumpeleka mgonjwa wa kikohozi kupima TB na kumsimamia hadi amalize dozi

Haya nayaandika kwa anayeuguza: mke, kaka, mtoto, mpangaji wa chumba cha jirani, yeyote aliyebaki na mgonjwa wa kikohozi mikononi mwake. Nahudumu kliniki ya kifua kikuu hapa Dar es Salaam. Juzi alikuja binti mmoja kutoka Tandale na mama yake. Mama alikuwa ameshapimwa mahali pengine zaidi ya mara moja, majibu yakatoka hana TB, huku anazidi kukonda na nyumbani wameanza kunong'ona kwamba amechezewa. Tulichukua makohozi upya, kwa utaratibu, na mashine ya aina ileile ikaonyesha TB. Kilichobadilika ni kilichokuwemo ndani ya kopo. Ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Jua nani wa kupimwa

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinatosha kumpeleka mtu kupima. Kwa anayeishi na VVU usisubiri wiki 2. Kikohozi cha siku yoyote kinahesabika. Ongeza homa za jioni, kupungua uzito na jasho la usiku. Hili la jasho linachanganya watu wa Dar, maana Januari kila mtu analowa. Uliza hivi: mnaolala chumba kimoja, ni yeye peke yake anayeamka kubadili nguo na shuka? Kama wengine wamelala wakavu na yeye amelowa chapachapa, hiyo ni dalili.

Kabla ya kupima, asipewe antibayotiki kama sipro wala livofloksasini kutoka duka la dawa "kujaribu kwanza". Dawa za kundi hilo zinampiga kidogo mdudu wa TB. Mgonjwa anapata nafuu ya muda, kipimo kinakosa kitu, na mdudu anajifunza kuikwepa dawa ambayo tungeihitaji baadaye kwa TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida. Hili linaniuma kila ninapoliona.

Hatua ya 2: Chagua kipimo

Omba GeneXpert. Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010. Mashine inasoma vinasaba vya mdudu na kutoa jibu ndani ya saa 2 hivi tangu sampuli iingie, na papo hapo inasema kama mdudu huyo ana usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Hadubini bado ina kazi yake, nitaifikia, lakini kwa kuanzia mimi siitaki kama GeneXpert ipo. Ili fundi wa maabara aone mdudu kwa hadubini, kila mililita ya makohozi inabidi iwe na wadudu kama 5,000 hadi 10,000. Toleo la GeneXpert liitwalo Ultra linamtambua hata wakiwa kama 16.

Eksirei inasaidia kuonyesha nani wa kutiliwa shaka, ila kivuli kifuani kinaweza kuwa kitu kingine. Na usilipe hata shilingi kwa kipimo cha damu cha kingamwili, kile cha tone la damu kinachodai kuonyesha TB kwa dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2011 kwamba kisitumike kutafuta TB, kwa sababu kinawapa wazima ugonjwa na wagonjwa kinawaambia wako salama.

Kwenye vituo vya serikali kupima TB na dawa zake ni bure.

Hatua ya 3: Pata makohozi

Mdudu yuko kwenye mapafu. Mate yanatoka mdomoni. Ukiipelekea mashine mate, itakujibu kwa ukweli kabisa kwamba kwenye mate haya hakuna TB, na wewe utarudi nyumbani ukiamini mgonjwa hana. Hapa Dar kuna pia wale panya buku wa shirika la APOPO waliofunzwa Morogoro, wanaonusa sampuli za kliniki zetu ambazo hadubini imesema ni safi, na wanagundua wagonjwa waliokuwa wamepita. Hata wao wanahitaji kohozi ndani ya kopo.

Kwa kawaida sampuli ya kwanza hutolewa palepale kituoni, na ya pili hutolewa nyumbani asubuhi. Kama kituo kinataka moja tu, mimi huomba iwe ya asubuhi. Usiku kucha yale yaliyomo kifuani yanakusanyika, na anapoamka yanakuwa tayari kutoka.

Maandalizi yanaanza jioni. Anywe maji ya kutosha au chai ya moto, ili makohozi yalainike. Asinywe dawa ya kuzuia kikohozi usiku huo, kwani tunataka akohoe. Kopo liwekwe karibu na kitanda, limefungwa, na hakuna mtu wa kugusa ndani yake. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, pamoja na tarehe. Lisiandikwe kwenye kifuniko, kwa sababu maabara wanafungua makopo mengi kwa wakati mmoja na kifuniko kinaweza kuhama.

Asubuhi, kabla ya chai na kabla ya chochote, asukutue mdomo kwa maji matupu. Dawa ya meno na dawa ya kusukutulia zisubiri. Maji yanaondoa mabaki ya chakula yanayowavuruga maabara.

Kisha mahali. Atoe makohozi nje, kwenye hewa. Asiingie chooni wala asikae kwenye korido ya nyumba ya kupanga, kwa sababu wadudu wanaotoka na kikohozi wanabaki hewani mahali palipofungwa, na anayefuata anawavuta. Najua nyumba zetu za Manzese na Buguruni zilivyobanana. Ua ni wa wote, na mtu mzima haoni raha kukohoa na kutema huku wapangaji wenzake wanapanga foleni ya bomba. Basi atoke alfajiri, watu hawajaamka, asimame nyuma ya nyumba. Ikishindikana kabisa, chumbani dirisha na mlango vikiwa wazi na wengine wote wametoka. Wewe unayemsaidia simama upande upepo unakotokea, usimkabili usoni.

Sasa namna ya kukohoa, na hapa msimuachie aelewe mwenyewe. Mwonyeshe kwa mwili wako:

Akae, ainame mbele kidogo, miguu ikanyage chini. Avute pumzi ndefu kwa pua hadi mbavu zitanuke, aishike kidogo, aitoe taratibu. Arudie. Mara ya tatu, baada ya kuishika, akohoe kwa nguvu kutoka tumboni. Mkono wake ukiwa juu ya tumbo anapaswa kuhisi tumbo likikaza. Kikohozi cha kooni, kile cha kusafisha sauti, hakileti kitu. Kilichopanda akiteme moja kwa moja ndani ya kopo, afunike, apumzike, arudie hadi kipatikane kiasi cha mililita 3 hivi, zaidi kidogo ya nusu ya kijiko cha chai. Asikimbizwe. Wengine inawachukua nusu saa.

Kabla ya kufunga, angalia. Mate ni maji meupe yenye povu, yanatembea kopo likiinamishwa. Makohozi ni mazito, yanavutika, yana rangi ya maziwa, ya njano au ya kijani, na pengine michirizi ya damu. Kama umeona mate matupu, usipeleke kwa kuwa tu kopo lina kitu. Omba kopo jingine, mrudie kesho.

"Nesi, mama hana makohozi, ana kikohozi kikavu tu." Hilo ndilo nililoambiwa na yule binti, na nalisikia karibu kila wiki. Mara nyingi makohozi yapo ila yamekaa chini. Mtembeze kidogo uani, apande ngazi kama zipo, kisha arudie zile pumzi. Au alale kifudifudi na mto chini ya nyonga kwa dakika chache, umgonge mgongoni taratibu kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, halafu akae akohoe. Usimgonge anayetema damu, na mwenye pumu au anayehema kwa shida mwache, mlete tu. Kituo chenye vifaa kinaweza kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi, na hiyo inatoa makohozi hata kwa aliyeshindwa kote. Ulizia, maana si kila mhudumu ataitaja mwenyewe.

Kwa akina mama ongeza subira. Wengi wamelelewa kwamba mwanamke hatemi mbele ya watu, sembuse mbele ya mkwe wake, hivyo anameza kohozi na kukupa mate. Kule Rawalpindi, Pakistan, watafiti waliwaeleza wagonjwa namna ya kutoa makohozi kabla ya kuwapa kopo, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba wanawake walioelekezwa waligundulika na TB zaidi ya wasioelekezwa. Maelezo ya dakika chache tu. Kwa hiyo mama aelekezwe na mwanamke, pembeni, na watoto wa kiume wakae mbali.

Mtoto mdogo hawezi kutema, anameza. Usimlazimishe. Mwambie mhudumu, kwani siku hizi choo cha mtoto kinaweza kupimwa kwenye GeneXpert, maana kohozi alilomeza linapita huko.

Kopo likishafungwa vizuri, litie kwenye mfuko, lisimame wima, lisipigwe jua. Lipeleke asubuhi hiyohiyo. Usimpe bodaboda atakayezunguka nalo hadi adhuhuri akishusha abiria wengine. Na kwenye fomu andika namba ya simu inayopatikana, pamoja na ya ndugu. Majibu mengi ya kweli yamelala kwenye faili kwa sababu laini ilibadilishwa.

Hatua ya 4: Soma majibu

"TB imeonekana, usugu wa rifampisini haujaonekana": nenda hatua ya 5. "Usugu umeonekana": mgonjwa anahamishiwa kwenye matibabu ya TB sugu, ambayo tangu mapendekezo ya 2022 yanaweza kuwa ya vidonge kwa miezi 6, bila zile sindano za zamani. Mashine ikitoa hitilafu, hilo si jibu, rudia sampuli. Ikisema alama hafifu, yaani vinasaba vya mdudu ni vichache mno, daktari ataangalia hali ya VVU na kama aliwahi kutibiwa TB kabla ya kuamua. "Haijaonekana" huku mtu anakonda na kukohoa: rudi hatua ya 3, na umwone daktari.

Kila mgonjwa wa TB apimwe VVU. Kila anayeishi naye achunguzwe. Watoto wa chini ya miaka 5 wasio na ugonjwa wapewe dawa ya kinga.

Hatua ya 5: Miezi 2 ya kwanza

Kidonge kimoja kina dawa 4: rifampisini, isoniazidi, pairazinamidi na ethambuto. Idadi inafuata uzito: kilo 25 hadi 39 vidonge 2, kilo 40 hadi 54 vidonge 3, kilo 55 hadi 70 vidonge 4, zaidi ya hapo 5. Vyote vinamezwa kwa pamoja mara moja kwa siku, tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu kikimsumbua, ale kidogo kwanza. Bora hivyo kuliko kuruka siku. Uzito ukipanda dozi inapanda, kwa hiyo apimwe kila anapokuja.

Mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, hata jasho na machozi. Ni rifampisini, haina madhara. Mwambie siku ya kwanza asije akadhani ni damu. Miguu ikichoma au kufa ganzi, aombe vitamini B6. Macho yakiwa ya njano au akitapika mfululizo, aache dawa na aje siku hiyohiyo. Akianza kuona ukungu au kuchanganya nyekundu na kijani, vilevile. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango abadilishiwe njia, kwa sababu rifampisini inavipunguzia nguvu. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na kliniki mapema. Dozi ni moja kwa siku, kwa hiyo inaweza kuhamishiwa usiku.

Mgonjwa anaruhusiwa kumeza dawa nyumbani mbele ya msimamizi aliyemchagua. Napenda msimamizi awe mtu anayelala nyumba hiyohiyo na asiyeogopa kusema "fungua mdomo nione". Tanzania ina historia na jambo hili: mpango wa taifa wa TB ulioanza 1977, daktari Karel Styblo akiwa mshauri, ndio uliokuja kuwa mfano wa DOTS duniani, yaani utaratibu wa kutibu TB ambao mgonjwa anameza dawa mbele ya msimamizi.

Sahani na vikombe havihitaji kutengwa. Fungueni madirisha. Akitumia dawa sawasawa, kwa kawaida wiki 2 hivi zinatosha kupunguza sana uwezo wake wa kuambukiza.

Hatua ya 6: Miezi 4 inayofuata

Dawa zinabaki 2, rifampisini na isoniazidi. Huu ndio wakati anajisikia mzima, amenenepa, amerudi kwenye biashara yake Kariakoo, na anaanza kuruka siku. Msimamizi asilegee hapa. Akisafiri kwenda mkoani, apitie kliniki kwanza achukue dawa za safari au barua ya uhamisho.

Makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, na safari hii kwa hadubini. GeneXpert inaweza kuokota vinasaba vya wadudu waliokwisha kufa ikakutisha bure. Kufikia hapo wengi hawana kohozi la kutoa. Ajaribu kwa njia ya hatua ya 3, na akishindwa mhudumu aandike hivyo kwenye kadi. Hadubini ikionyesha wadudu mwezi wa 5, matibabu yameshindwa na inabidi usugu upimwe upya.

Kadi ya matibabu itunzwe baada ya kumaliza. Kikohozi kikirudi mwaka ujao au baada ya miaka kadhaa, aionyeshe kabla ya kupewa kopo, kwa sababu aliyewahi kutibiwa majibu yake ya GeneXpert yanasomwa tofauti.